Kopo, mfuko au mkungu: bia yako ya kwanza uipike kwa njia ipi?

Mtu anayetaka kupika bia nyumbani kwa mara ya kwanza huanza kwa kuuliza bei ya vyombo. Si swali baya, ila halimfikishi mbali, maana ndoo ni ndoo na sufuria ni sufuria. Mimi nikiulizwa, huhesabu milango: njia hii ina milango mingapi ambayo kosa linaweza kuingilia, na likishaingia, mpishi mgeni atajua limepitia wapi? Akimwaga lita 20 shimoni bila kujua kilichoziharibu, harudii tena.

Njia ninazolinganisha hapa ni tatu, na zote nimezipika mwenyewe. Kopo: unanunua shira ya kimea iliyokwisha kutengenezwa kiwandani. Mfuko: unaanza na nafaka yenyewe, shayiri iliyooteshwa na kukaushwa, unailoweka ndani ya mfuko wa kitambaa. Mkungu: mbege ya Uchagani, ndizi mbivu na kimea cha ulezi. Nimekulia kwenye mbege, upande wa Marangu. Kopo nililikuta Uingereza nilipokwenda kusoma. Mfuko nimeujulia Dar es Salaam, kwenye joto ambalo waandishi wa vitabu vya upishi huu hawakulifikiria. Gongo na wenzake hawamo humu. Kukeneka pombe nyumbani, yaani kuichemsha na kukusanya mvuke wake, kunakatazwa na sheria za nchi nyingi, na huko ndiko kwenye moto, sumu na vifo.

Kopo

Kiwandani wameshaiotesha shayiri, wakaikausha, wakailoweka kwenye maji ya moto mpaka wanga ukageuka sukari, kisha wakayachemsha maji yale mpaka yakawa shira nyeusi nyeusi, nzito kama asali iliyosahauliwa kabatini. Mara nyingi na uchungu wa hopsi, yale maua ya kijani yanayoipa bia ladha yake, umeshatiwa. Kopo la kawaida lina kilo 1.5 hadi 1.8 na hutoa lita 20 hadi 23. Pakiti ya hamira kavu huwa chini ya kifuniko.

Kazi yako ni kuyeyusha shira kwa lita tatu za maji ya moto ndani ya ndoo safi, kutia sukari kilo moja kama kopo linavyoagiza, kujaza maji baridi, kusubiri joto lishuke hadi nyuzi 20 hivi, kunyunyiza hamira na kufunika. Saa moja inatosha. Kuhusu sukari nina ushauri ambao karatasi ya kopo haikupi: punguza nusu yake, weka mahali pake shira ya kimea iliyokaushwa ikawa unga. Sukari tupu huleta ulevi bila mwili, na bia inakuwa nyepesi kama maji ya kusuuzia glasi.

Milango ya kosa ni miwili. Wa kwanza ni uchafu. Kila kitakachogusa bia baada ya hapo, kuanzia kijiko, kifuniko, mpira wa kuhamishia mpaka mkono wako, lazima kiwe kimesafishwa na kutiwa dawa ya kuua vijidudu. Jiki isiyo na manukato inafaa ikizimuliwa sana na kusuuzwa kwa maji yaliyochemshwa. Ndoo iliyokwaruzwa kwa steelwool iache iendelee na kazi ya kufulia, kwa sababu ndani ya mikwaruzo ile wamo wapangaji ambao dawa haiwafikii. Na ndoo iliyowahi kuwa na achari haitasahau achari.

Mlango wa pili ni chupa, na hapa nina ushuhuda. Bia yangu ya kwanza niliipika mwezi wa Novemba, chumba cha wanafunzi, kipasha joto kinawaka saa mbili kwa siku. Siku ya tano mapovu yakakoma. Nikafurahi, nikatia sukari, nikajaza chupa, nikazipanga kabatini. Kumbe hamira haikuwa imemaliza kazi. Baridi ilikuwa imeilaza. Wiki iliyofuata mwenye nyumba akaongeza joto, hamira ikaamka na kukuta sukari ya zamani na mpya pamoja, imefungiwa ndani ya kioo. Chupa tatu zililipuka usiku mmoja. Jirani aligonga ukuta akiuliza kama niko salama.

Tangu siku hiyo siamini mapovu. Naamini haidromita, kile kijiti cha kioo kinachoelea ndani ya bia na kukuonyesha sukari iliyobaki. Ukianza inasoma, tuseme, 1.045. Hamira ikimaliza itasoma karibu na 1.010. Pima leo, pima tena baada ya siku mbili au tatu; ikiwa namba ni ileile na umeshapita siku kumi hivi, jaza chupa. Hiyohiyo ndiyo inayokupa nguvu ya pombe: toa namba ya pili kwenye ya kwanza, zidisha kwa 131. Kwa mfano huu ni 0.035 mara 131, yaani karibu asilimia 4.6.

Sukari ya chupani ni gramu sita kwa lita, gramu tatu kwa chupa ya nusu lita, nayo hupimwa kwa mizani. Kijiko cha mkono mmoja si kijiko cha mkono mwingine. Anayeanza namshauri atumie chupa za plastiki za soda zilizooshwa vizuri: unaziminya kila siku, zikiwa ngumu kama tairi la baiskeli unajua gesi imejaa, unazipeleka kwenye friji. Si za kupendeza mezani, ila hazirushi vioo.

Ubaya wa kopo ni kwamba linakuficha jinsi bia inavyozaliwa. Wewe ni mlezi tu, mtoto kazaliwa kwingine. Tena shira huzeeka: kopo lililokaa sana, hasa penye joto, hutoa bia nyeusi kuliko ilivyoandikwa na yenye ladha ya sukari iliyoungua. Uingereza, Ujerumani au Marekani utalipata bila kuhangaika na tarehe yake ni ya karibuni. Kwetu si bidhaa ya duka la mtaa. Ukiagiza, unalipia uzito wa shira na safari yake yote ya kuchemkia ndani ya kontena. Kwa aliye Mwanza au Mombasa sioni sababu ya kujitesa hivyo.

Mfuko, lakini kwanza togwa

Kabla ya kueleza mfuko naomba nipite Songea. Mama anayepika togwa huanza na uji mzito wa mahindi, ule wa kusimamisha mwiko. Uji ukipoa kidogo, ukiwa wa moto lakini kidole kinaanza kuvumilia, anautia unga wa kimea cha ulezi na kukoroga. Dakika chache tu, uji uliokuwa mzito unalegea na kuwa kinywaji, na ukionja una utamu ambao hakuna aliyeutia sukari. Kimea kina vimeng'enya, na kazi yake ni kukata minyororo ya wanga iwe sukari. Uji ukiwa unachemka vimeng'enya vinakufa. Ukiwa umepoa sana vinafanya kazi kwa uvivu. Mama hana kipimajoto. Ana kidole, na kidole chake kimesoma.

Njia ya mfuko ni jambo hilohilo, ila kwa shayiri na kwa namba. Unaweka maji kwenye sufuria kubwa, unayapasha hadi nyuzi 69, unatandika ndani mfuko wa kitambaa chepesi (chandarua kipya kisichotiwa dawa, au pazia la neti), unamimina kimea kilichobarazwa, yaani kilichopasuliwa tu bila kuwa unga. Joto litashuka hadi 67 au karibu. Funika, vingirisha blanketi, subiri saa nzima. Ukikaa kati ya 65 na 68 uko salama: chini kidogo bia hutoka kavu zaidi, juu kidogo hubaki na utamu na uzito. Ukivuka 75 vimeng'enya vinaanza kukuaga.

Usianze na lita 20. Anza na lita tano, kwenye jiko la gesi la kawaida, na sufuria ya lita kumi au kumi na mbili: kimea kilo 1.2, maji lita tisa. Kimea kitanyonya karibu lita moja, mvuke utaondoka na nyingine mbili au tatu, utabaki na tano hivi. Inua mfuko, uache uchuruzike, kamua taratibu. Machicha yaliyobaki kuku huyapigania. Sasa chemsha saa moja. Hopsi gramu kumi zitiwe mwanzoni kwa ajili ya uchungu, na nyingine chache dakika tano za mwisho kwa ajili ya harufu. Zima jiko, zamisha sufuria kwenye beseni la maji na barafu mpaka ipoe, mimina ndani ya ndoo safi, tia hamira. Pakiti ya gramu 11 imekusudiwa lita 20 na zaidi, kwa hiyo theluthi yake inatosha. Kuanzia hapo mambo ni yaleyale ya kopo.

Milango ya kosa sasa ni mitano: joto la kuloweka, usagaji, upoozaji, na ile miwili ya zamani. Usagaji huwaponza wengi. Wanapeleka kimea kwenye mashine ya unga, kinarudi unga kweli, mfuko unaziba kama bomba la jikoni na bia inatoka na ukakasi wa maganda. Kimea kinabarazwa tu: punje ipasuke, ganda libaki. Chupa ya kioo ikiviringishwa juu ya punje zilizotandazwa mezani hufanya kazi hiyo kwa kilo moja, ingawa mkono utauma.

Kinachonifanya niupende mfuko ni kwamba makosa yake yanaonekana. Ukishuku kwamba wanga haujageuka wote, chukua tone la maji ya kimea, liweke kwenye sahani nyeupe, dondoshea iodini ya duka la dawa. Likigeuka bluu nyeusi, wanga bado upo. Ongeza nusu saa. Likibaki na rangi ya iodini, endelea. Tone ulilopima usilirudishe sufuriani.

Tatizo ni kupata shayiri yenyewe. Hulimwa Monduli na Karatu, na Narok kwa upande wa Kenya, lakini sehemu kubwa ina mwenyewe tangu haijavunwa: viwanda. Kimea changu cha kwanza Dar kililetwa na rafiki kwenye begi, kilo tano katikati ya viatu, na maelezo marefu uwanja wa ndege. Baada ya hapo nilianza kuchanganya nusu shayiri, nusu kimea cha ulezi, na sijutii. Bia huwa na rangi ya udongo mwekundu na harufu ya uji wa utotoni.

Kisha kuna joto. Hamira ya kawaida ya bia inapenda nyuzi 18 hadi 22. Chumba changu Dar mwezi wa Februari kina 31, na hamira ikipikwa kwenye joto hilo hutoa pombe kali zenye harufu ya dawa ya kutoa rangi ya kucha, na asubuhi kichwa hukukumbusha. Ile hila ya kuisimamisha ndoo ndani ya beseni na kuivisha taulo lenye maji husaidia Dodoma au Iringa, ambako hewa ni kavu. Pwani, unyevu wa hewa unainyima taulo nafasi ya kukauka. Dawa niliyoipata imetoka mbali: kveik, hamira za mashambani huko Norwe, ambazo kazi yake nzuri ziko tayari kuifanya kwenye nyuzi 35 na hata zaidi. Huuzwa zikiwa kavu kwenye pakiti, hazina uzito, mtu anaweza kukuletea kumi ndani ya bahasha. Kwa mpishi wa Tanga, Mombasa au Bujumbura, naona pakiti hiyo inashinda friji ya pili. Hamira ya mkate itafanya kazi ukikwama, lakini haitulii chini na bia itanukia andazi.

Mkungu

Watu hudhani mbege ni rahisi kwa sababu hupikwa bila kipimajoto. Ni sawa na kusema kuendesha baiskeli ni rahisi kwa sababu haina dashibodi.

Mbege ina mikono miwili inayokutana mwishoni. Mkono wa kwanza ni ndizi. Zinaachwa ziive mpaka zilegee kabisa, ganda lipate madoa meusi, zinamenywa, zinapondwa na kuchemshwa na maji kwa saa nyingi mpaka zinabadilika rangi kuelekea wekundu wa kahawia. Kisha huachwa siku mbili au tatu zichachuke zenyewe, na kuchujwa. Hamira hakuna anayeinunua. Imo hewani, kwenye ganda, kwenye chombo kilichopikiwa mbege juzi. Mkono wa pili ni ulezi. Unalowekwa usiku kucha, unatandazwa kwenye gunia au majani ya mgomba, unanyunyiziwa maji siku mbili tatu mpaka unaota mizizi midogo, unaanikwa juani, unasagwa. Unga huo wa kimea hupikwa uji, ukipoa unachanganywa na maji ya ndizi. Kesho yake inanyweka, povu juu, chembe za ulezi zikiogelea. Keshokutwa inaanza kuwa chachu. Siku inayofuata unaitafutia wenye meno magumu.

Uchungu hutoka kwenye msesewe, gamba la mti ambao wanasayansi wanauita *Rauvolfia caffra*, na linatiwa kidogo sana. Nasisitiza kidogo, kwa sababu mti huo ni wa dawa, una kemikali zinazogusa moyo na presha. Bibi yangu alikuwa anapima kwa ukucha. Asiyefundishwa na mtu anayejua na aache, mbege isiyo na msesewe bado ni mbege.

Kwa jiko la mjini, kipimo changu cha kujaribia ni ndizi mbivu kilo tatu, maji lita tano, unga wa kimea cha ulezi nusu kilo. Usitarajie kifanane na cha kijijini mara ya kwanza. Mbege ya pale hupikwa kwenye mapipa, na mpishi wake anajua harufu ya kila saa.

Ukilinganisha, mbege inaufunga kabisa mlango wa chupa, kwa kuwa haifungiwi. Mlango wa uchafu nao unabaki nusu wazi kwa makusudi: ule uchachu ni kazi ya bakteria wa jamii ya wale wanaotengeneza mtindi, na bila wao na ile hamira ya hewani ni maji matamu ya ndizi. Anayetoka kwenye kopo hupata shida kulielewa hili. Anasugua kila kitu kwa jiki, kisha anashangaa mbona haiumuki.

Ila kuna mlango mmoja mbege inaufungua ambao njia nyingine mbili hazina, nao ni wa hatari: kimea cha nyumbani. Nafaka yenye maji, kwenye joto, siku tatu, ni shamba la ukungu. Ulezi unahimili kuliko mahindi, lakini ukiona nyuzi za kijani, kijivu au nyeusi, au ukinusa chumba kilichofungwa, tupa yote. Usichague zilizo nzima. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 125 walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu, na sumu hiyo haiuawi kwa kuchemsha. Mwaka 2015, Chitima huko Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Uchunguzi ulikuja kuonyesha sumu ya bakteria waliokuwa wameota kwenye unga wa mahindi, nayo pia moto hauiondoi. Sisemi haya kutisha watu wasiinywe mbege. Nasema mtu anayeanza asikiamini kimea chake mwenyewe kabla hajaonyeshwa na mtu, na akinunua, anunue kwa anayepika kila wiki na kunywa anachopika.

Msomaji wa Kakamega ataniuliza busaa iko wapi. Iko karibu na mbege kwa tabia: unga wa mahindi uliochachushwa na kukaangwa juu ya bati, kimea cha wimbi (ndio ulezi), siku chache, unachuja, unakunywa. Ndizi haihitajiki, ukaangaji unahitaji uwanja na majirani wavumilivu wa moshi, na tahadhari ya mahindi niliyoisema hapo juu ni ya busaa kuliko ya mbege. Ulanzi wa Iringa sikuuweka kwenye mashindano kwa sababu haupikwi; unagemwa kwenye mwanzi wakati wa mvua, na asiye na mwanzi hana cha kuchagua.

Kwa wenye haraka:

| | Kopo | Mfuko | Mbege |
|---|---|---|---|
| Kazi ya siku | saa 1 | saa 4 hadi 5 | vipande vya siku 4, bila kuhesabu kimea |
| Mpaka kunywa | wiki 4 hivi | wiki 4 (kveik hupunguza) | siku 4 hadi 5 |
| Kiasi cha kuanzia | lita 20 | lita 5 | lita 5 |
| Kifaa usichokwepa | haidromita | kipimajoto | jua la kukaushia, na mwalimu |
| Kosa la mgeni | kujaza chupa mapema | kusaga kimea kiwe unga | ukungu |
| Ikikaa | miezi | miezi | siku moja au mbili |

Sheria nayo iangaliwe kabla ya sufuria. Uingereza iliondoa leseni ya kupika bia nyumbani mwaka 1963. Marekani, sheria iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter mwaka 1978 iliruhusu galoni 100 kwa mwaka, kama lita 378, kwa mtu mzima anayeishi peke yake, na mara mbili yake kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi. Hata hivyo Mississippi na Alabama zilikaza mpaka 2013. Kenya ilifungua njia kwa pombe za kienyeji kwa sheria ya mwaka 2010, lakini kutengeneza kwa ajili ya kuuza kunadai leseni. Ukianza kuwauzia majirani, Tanzania au Kenya, umetoka jikoni umeingia biashara, na karatasi zake ni nyingine. Aliye Kuwait au Saudia asijaribu kabisa. Yeye, na kila ambaye kilevi kwake ni haramu, anayo togwa, inywewe ikiwa changa, siku ileile au kesho yake. Somo lote la wanga na kimea limo ndani ya togwa hiyo.

Sasa nichague. Uko Leicester au Toronto na hujawahi kupika chochote chenye hamira: nunua kopo, mara moja tu, jifunze usafi na chupa, kopo la pili usinunue, nenda kwenye mfuko. Uko Nairobi, Arusha au Kigali, hali ya hewa ya ubaridi: ruka kopo, pika togwa mara mbili uone uji ukilegea, kisha mfuko wa lita tano, hata kama kimea utasubiri mtu wa kukuletea. Uko pwani: hivyohivyo, ila pakiti ya kveik itangulie kimea. Una shangazi Rombo au Machame, na bado ana nguvu: acha vya dukani vyote, panda basi Desemba, shika mwiko, na uandike anachosema kwa sababu yeye hajaandika.

Na kuna yule anayeniuliza kila mwaka kutoka Minneapolis au Oslo, anataka mbege ya arusi na hataki kusikia habari za shayiri. Inawezekana. Ulezi upo kwenye maduka ya Wahindi, wanauita ragi. Ndizi zilizopata madoa maduka makubwa huzishusha bei, na hizo ndizo unazozitaka. Msesewe hutaupata, tia hopsi gramu mbili tatu kwenye maji ya ndizi yakichemka, na wazee wakikunja uso waambie ni msesewe wa baridi. Kwenye ragi uwe makini: usichukue unga, chukua punje nzima zisizokobolewa, uziloweke kiganja kimoja kwanza kabla ya kununua gunia. Zikipita siku mbili na hazijachomoza mzizi, zilishakaushwa kwa moto kiwandani, zipike uji utafute duka jingine.